Kuandika Kiingereza kwa mtu mzima anayeanza: kutoka sentensi moja hadi aya nzima

Maswali ni yaleyale kila mara. Nianze na sarufi au na maneno? Kwa nini mtu akiongea naelewa, lakini nikishika kalamu kichwa kinakuwa kitupu? Nani atanisahihishia kama sina mwalimu? Nimeyajibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili ufuate hatua moja hadi nyingine ukiwa na daftari mbele yako.

Mwongozo huu unakufaa ikiwa unasoma na kuandika Kiswahili bila shida, unajua maneno kadhaa ya Kiingereza, na bado hujaandika aya ya Kiingereza ukaridhika nayo. Msimamo wangu niuseme mapema: anayeanza hakosi maneno, anakosa sentensi. Mwenye maneno machache anayeweza kuyasimamisha katika sentensi fupi ataandika ujumbe ukaeleweka. Aliyekariri orodha ndefu ya maneno, halafu akayapanga kwa mpangilio wa Kiswahili, atamchosha msomaji wake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari lenye mistari. Karatasi za kuokoteza hazifai, maana itabidi urudi nyuma kutazama makosa yako ya zamani.
- Kalamu mbili za rangi tofauti, moja ya kuandikia na moja ya kusahihishia.
- Kamusi yenye mifano ya sentensi, iwe ya kitabu au ya simu. Kamusi inayotoa maana tupu itakusaidia nusu tu.
- Matini fupi za Kiingereza chepesi. Vipo vitabu vilivyoandikwa kwa watu wazima wanaojifunza, vikapangwa kwa ngazi. Chukua ngazi ya chini kabisa, hata kama unaona aibu kidogo.
- Dakika 20 kwa siku.

Ukiandikia kwenye simu, zima usahihishaji wa kiotomatiki. Unakurekebishia makosa kabla hujayaona, na kosa usiloliona utalirudia siku utakapoandika kwa mkono. Mimi ningeanza kwa kalamu.

Hatua ya 1: Herufi na majina yake

Alfabeti ya Kiingereza ina herufi 26. Karibu zote unazo tayari. Mpya kwako ni q na x, pamoja na c inayosimama bila h. Usipoteze wiki nzima hapa.

Kinachohitaji mazoezi ni majina ya herufi, kwa sababu utaombwa kutaja tahajia ya jina lako na utahitaji kuandika ya wengine wakikutajia. A huitwa “ei”, E huitwa “ii”, I huitwa “ai”. Hizo tatu ndizo zinazowachanganya wengi, kwa kuwa jina la E linasikika kama I yetu. Baada yake G, “jii”, na J, “jei”. Taja jina lako lote kwa sauti, herufi kwa herufi, mpaka usisite.

Hatua ya 2: Nakili, lakini kwa kumbukumbu

Chagua sentensi tano fupi kutoka kwenye kitabu chako. Soma ya kwanza kwa sauti, iangalie vizuri, ifunike, iandike yote, kisha ifunue ulinganishe. Ulipokosea, piga mstari kwa kalamu ya pili na uandike upya neno zima, si herufi iliyokosewa peke yake.

Kosa la kawaida ni kunakili herufi moja moja huku jicho likienda na kurudi. Hapo mkono unafanya kazi na kichwa kimelala.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, Kiingereza hapana. Zamani k ya “knife” na “know” ilitamkwa kweli. Sauti ikafa, herufi ikabaki. Kwa hiyo usitafute mantiki katika kila neno. Macho na mkono ndivyo vitakavyozoea, na ndiyo maana hatua hii hairukwi. Anza na maneno madogo yanayojirudia kila mahali: the, and, to, of, in, is, was, you, they, have, with. Ukiyaandika haya bila kufikiri, sehemu kubwa ya ukurasa wowote imekwisha.

Hatua ya 3: Jenga sentensi yenye nafasi tatu

Hapa kaa muda mrefu kuliko popote pengine. Wiki mbili, tatu, si nyingi.

Katika Kiswahili neno moja laweza kuwa sentensi. “Nimekuandikia” imebeba mtenda, wakati, mtendewa na tendo. Kiingereza hulivunja hilo vipande: “I have written to you”. Kila kipande kina nafasi yake na hakihami. Kwa hiyo chora nafasi tatu kwenye daftari lako: nani, anafanya nini, kitu gani au wapi.

I / read / a book.
My sister / works / in a hospital.
The children / are / at school.

Andika sentensi kumi za namna hii kila siku, zote za kweli kuhusu wewe na watu wako. Si lazima ziwe nzuri. Ziwe fupi na ziwe na nafasi zote zilizojaa. Zipo sentensi za nafasi mbili, kama “I work”, lakini nafasi ya kwanza haibaki tupu isipokuwa unaamuru, kama “Sit down”.

Makosa yanayotutoka sisi tunaofikiri kwa Kiswahili yanafahamika, na karibu yote yanatokea hapa.

*Kumsahau mtenda.* Tunaandika “Am fine” au “Is raining”, kwa kuwa “inanyesha” inajitosheleza. Andika “I am fine” na “It is raining”. Hiyo “it” haimtaji yeyote; inajaza nafasi tu, lakini bila yake sentensi haijasimama. “Am fine” utaiona kwenye jumbe za watu wengi, hata waliosoma sana. Usiige.

*Kumtaja mtenda mara mbili.* “My brother he is a teacher.” Ni kile kiambishi chetu cha “kaka yangu anafundisha” kinachojipenyeza. Chagua kimoja: “My brother is a teacher.”

*Kutafsiri “-na-” kwa “am”.* “Ninaenda kazini” inageuka “I am go to work”. Kama ni jambo la kila siku, andika “I go to work”. Kama uko njiani sasa hivi, “I am going to work”. “Am” na “go” havikai pamoja vikiwa uchi namna ile.

*Kutafsiri “nina” kwa “I have” kila mahali.* Nina gari ni “I have a car”, sawa. Lakini nina njaa ni “I am hungry”, nina kiu ni “I am thirsty”, na nina miaka 40 ni “I am 40 years old”. Haya yakariri jinsi yalivyo.

*Kuchanganya “he” na “she”.* Kiswahili hakitofautishi, kwa hiyo mkono unachukua lolote linalokuja. Dawa ni kuandika jina kwanza: “Maria is a nurse. She works at night.” Kabla hujaandika nafsi, rudisha jicho kwenye jina.

*Kuweka sifa nyuma.* “Nyumba kubwa” ni “a big house”. Sifa hutangulia, tena haibadiliki kwa wingi: “big houses”.

Hatua ya 4: Herufi kubwa na nukta

Kila sentensi ianze kwa herufi kubwa na iishie kwa nukta au alama ya kuuliza. Unalijua hilo tayari. Usilolizoea ni kwamba neno “I” lenye maana ya mimi huandikwa kwa herufi kubwa popote lilipo, hata katikati ya sentensi. Siku za wiki, majina ya miezi, nchi na lugha nayo ni hivyohivyo: Monday, April, English.

Tahadhari moja: mkato haubebi sentensi mbili. “I am tired, I want to sleep” ina watenda wawili na vitenzi viwili, kwa hiyo weka nukta katikati au neno la kuunganisha. Ukiwa na shaka, weka nukta. Hakuna msomaji aliyewahi kulalamika kwamba sentensi za anayeanza ni fupi mno.

Hatua ya 5: “A”, “an”, “the” na wingi

Sisi hatuna vineno hivi, kwa hiyo tunavisahau au tunavimwaga kila mahali. Kanuni kamili ni ndefu. Ya kuanzia ni hii: kitu kimoja kinachohesabika ukikitaja mara ya kwanza, weka “a”, ukikirudia na msomaji akakijua, weka “the”. “I have a phone. The phone is old.”

“An” hutumika pale neno linalofuata linapoanza kwa *sauti* ya irabu, si herufi yake. Ndiyo maana ni “an hour”, kwa kuwa h haitamkwi, lakini “a university”, kwa kuwa inaanza na sauti ya “yu”. Kazi ya mtu nayo huchukua kineno hiki: “I am a driver”, kamwe si “I am driver”. Na ukishaandika “my”, “your” au “this”, vineno hivi huviweki tena.

Wingi mara nyingi ni s mwishoni. Yaliyokaidi ambayo utayahitaji mapema: man, men, woman, women, child, children, person, people. “Information”, “advice” na “furniture” hazichukui s kabisa.

Hatua ya 6: Leo na jana

Ongeza s kwenye kitenzi cha he, she au it wakati uliopo: “She works.” Ukiongeza “does not”, ile s inahama na kitenzi kinarudi kuwa kitupu: “She does not work.”

Kwa jana, vitenzi vingi huongeza -ed: worked, cooked, called. Vile vinavyotumika sana ndivyo vinavyokaidi, na hapo sina njia ya mkato ya kukupa: go, went, come, came, see, saw, buy, bought, have, had, eat, ate, give, gave, take, took, say, said. Viandike kila kimoja ndani ya sentensi yako mwenyewe, si katika orodha.

Kosa linalojirudia kuliko yote hapa ni “I did not went”. “Did” imeshaibeba jana, kitenzi kinabaki kilivyo: “I did not go.”

Hatua ya 7: Unganisha sentensi ziwe aya

Maneno manne yanakutosha: and, but, because, so. Aya yako ya kwanza iwe na sentensi tano juu ya jambo moja tu: asubuhi yako, kazi yako, mtu unayemjua. Sentensi ya kwanza itaje jambo lenyewe, nne zinazofuata zilieleze.

Usibebe “ingawa... lakini” kwenda nayo Kiingereza. “Although I was sick, but I went to work” ina kiungo kimoja cha ziada. Chukua “although” au “but”, si vyote viwili.

Na angalia saa! Hili linawakosesha watu miadi. Kiswahili huhesabu saa tangu jua kuchomoza na kuzama; Kiingereza huanza usiku wa manane na adhuhuri. Saa moja asubuhi ni 7 a.m., saa kumi na moja alfajiri ni 5 a.m., saa mbili usiku ni 8 p.m. Ongeza au punguza 6 kila mara. Tarehe nayo, andika mwezi kwa neno: 5 March 2024. Ukiandika 5/3, Mmarekani atasoma tarehe 3 Mei.

Hatua ya 8: Sahihisha kwa mizunguko

Ukimaliza aya, funga daftari. Lifungue baada ya saa kadhaa au kesho yake, ukiwa na kalamu ya pili. Usitafute makosa yote kwa mpigo. Pita mara nne, kila mara ukitafuta aina moja tu. Tuchukue aya hii:

*Am a driver. I am wake up at 11 in the morning. My wife she is nurse, she work at night. Yesterday i did not went to work because was raining.*

Mzunguko wa kwanza, watenda. “Am” haina mtu, kwa hiyo “I am”. “My wife she” ina mmoja wa ziada. “Because was” imekosa “it”.

Mzunguko wa pili, vitenzi. “Am wake up” inakuwa “wake up”. “She work” inataka s. “Did not went” inakuwa “did not go”.

Mzunguko wa tatu, alama. Ile “i” iwe kubwa. Mkato uliobeba sentensi mbili uwe nukta.

Mzunguko wa nne, vineno vidogo, tahajia na tarakimu. “Nurse” inadai “a”, na 11 ni saa yetu ya alfajiri, si yao. Matokeo:

*I am a driver. I wake up at 5 a.m. My wife is a nurse. She works at night. Yesterday I did not go to work because it was raining.*

Maneno karibu yote ni yaleyale ya mwanzo. Hakuna msamiati mpya ulioongezwa.

Kurasa za mwisho za daftari zitenge kwa makosa yako. Kushoto andika ulivyokosea, kulia ilivyo sahihi. Kabla ya kuandika aya mpya, zisome. Utagundua kwamba makosa yako si mia. Ni matano au sita yanayojirudia.

Hatua ya 9: Andika kitu kitakachosomwa na mtu

Zoezi lisilo na msomaji huchosha haraka. Mara ya kwanza chukua ujumbe mfupi wa kazi:

*Dear Mr Brown,*
*I am sick today, so I cannot come to work. I will come tomorrow.*
*Thank you.*

Kisha jina lako chini. Ona hakuna salamu ndefu. Sisi tunauliza hali, nyumbani, watoto, ndipo tuseme shida. Katika ujumbe wa kazi wa Kiingereza kwenda moja kwa moja kwenye jambo si ukosefu wa adabu. Na “Dear” iandikie hata mtu usiyemjua.

Pia jizoeze fomu, maana haziepukiki. “Surname” ni jina la ukoo, “first name” ni jina lako la kwanza, “date of birth” ni tarehe ya kuzaliwa, “marital status” ni kama umeoa au kuolewa. Fomu ikisema “block capitals”, andika kila kitu kwa herufi kubwa. “Signature” ni sahihi yako, si jina lililoandikwa tena.

Mambo yakikwama

*Kalamu haisogei.* Mara nyingi umeanza na sentensi ya Kiswahili iliyo ndefu na nzuri, ukataka kuihamisha nzima. Iache. Jiulize nani, anafanya nini, wapi, ukajaze nafasi tatu. Neno likikosekana, liandike kwa Kiswahili ndani ya sentensi, malizia aya, ndipo ufungue kamusi. Anayekimbilia kamusi kila neno hamalizi.

*Maneno mawili yanasikika sawa.* Kiingereza kina irabu nyingi kuliko tano zetu, kwa hiyo “live” na “leave”, au “this” na “these”, masikioni mwetu vinakuwa kimoja. Wengine hutatizwa na l na r: “play” na “pray”, “light” na “right”. Usiandike kwa kufuata sikio. Andika jozi hizo ukurasa mmoja, kila neno ndani ya sentensi yake, ili maana ndiyo ikuchagulie tahajia.

*Tahajia mbili za neno moja.* Colour na color, centre na center: ya kwanza ni ya Uingereza, ya pili ya Marekani. Zote ni sahihi. Chagua upande mmoja usiuhame ndani ya andiko lilelile.

*Sina wa kunisahihishia.* Jipe imla. Soma matini fupi kwa sauti huku simu inarekodi, kesho yake sikiliza na uandike, kisha linganisha na kitabu. Kitabu kinakuwa mwalimu. Kwa maandishi yako mwenyewe, soma kwa sauti ukitua kwenye kila nukta. Pumzi ikikuishia kabla ya kufika, sentensi hiyo igawe.

*Natumia programu ya kutafsiri, inatosha?* Kwa kuandikiwa, hapana: utakuwa na aya safi usiyoweza kuitetea wala kuirudia. Itumie kinyumenyume. Andika mwenyewe Kiingereza, kiingize, uone Kiswahili kinachorudi. Kikirudi na maana tofauti, kuna kitu hakijakaa sawa, na mara nyingi ni mtenda au wakati. Lakini kikirudi sawa usifurahi mno, kwa sababu programu hizi husamehe makosa: “she work” itaielewa bila kukuambia chochote. Mzunguko wa pili wa kusahihisha bado ni wako.

*Nimekosa siku tatu.* Usijaribu kulipa madeni kwa kuandika sentensi arobaini usiku mmoja. Fungua kurasa za makosa, zisome, andika sentensi tano za leo.